Mkwaruzo Nilioupeleka Kensington

Niliondoka nyumbani Fairfield, pembezoni mwa jiji, Jumamosi asubuhi kwa sababu ya ujumbe wa Otieno, mwanafunzi Mkenya anayepiga gitaa la besi. Kikundi chao cha jazi kilitafuta mtu wa saksofoni kwa tamasha la chuo. Nafasi ilikuwa moja, na kulikuwa na kijana mwingine ambaye wangemsikiliza Jumatatu. "Njoo na wimbo mmoja unaoupenda kufa," aliandika. Mimi nilikuwa nao tayari.

Wimbo wenyewe uko kwenye santuri niliyoipata duka la mitumba, ya Wamarekani wa zamani. Otieno anasema wajuzi huiita daraja kati ya jazi ya zamani na ya kisasa: upande wa kwanza unatembea kwa adabu, ngoma na besi zimeshikana mikono, upande wa pili saksofoni inaachia mkono na kwenda inakotaka. Mimi muziki sikuusomea. Katika kambi ya wakimbizi Kigoma tulijifunza nyimbo za kwaya kwa kuiga kanda, hata kikohozi cha mwimbaji tulikiiga. Basi na hii niliiga hivyo hivyo, kwenye mashine ya santuri ya jirani, mwaka mzima. Kuna mahali katika upande wa pili saksofoni inapanda, inakaribia kilele, halafu inarudi nyuma mara tatu, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka hajaaga. Hapo machozi hunitoka kila mara.

Saa tatu nilipanda treni, nimepakata sanduku la saksofoni ya kanisa, santuri yangu mkobani. Mama alikuwa amenisindikiza hadi getini: "Nadine, usiwaonyeshe unaogopa. Na ule kabla ya kupuliza." Viwanda vikapita, kamba za nguo zikapita, mijakaranda ikapita imejaa maua ya zambarau. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga wimbo juu ya sanduku bila sauti. Bibi mmoja wa Kivietnamu mwenye kapu la mboga alivitazama mpaka naye akaanza kutikisa kichwa. Sijui alisikia nini.

Mjini nilihamia tramu, treni ndogo ya barabarani. Inateleza kimya mno, utadhani barabara ndiyo inayotembea. Kwenye vioo vya majengo nilimwona msichana mwenye sanduku kubwa kuliko kifua chake, akielea kutoka dirisha hadi dirisha. Nikamwonea fahari kidogo.

Saa tano nilifika Kensington. Nyumba ya kina Otieno ni ya wanafunzi watano, viatu vimejaa mlangoni. "Karibu! Umekula? Chapo ziko," Otieno akasema, akinionyesha sahani ya chapati. Sebuleni, sakafuni, alikaa dada Wanjiku, nesi, mpigaji wao wa ngoma. Kwa kuwa majirani walishalalamika, alikuwa anachapa sanduku la nguo kwa vifagio vidogo vya waya.

"Mrundi mwenyewe ndiye huyu?" akauliza. "Ngoma si ni zenu? Njoo ushike hili sanduku, mimi nipumzike."

"Kwetu ngoma ni za wanaume, dada. Ndiyo maana nikakimbilia bomba hili."

Wakacheka, nami nikafungua sanduku langu.

Tukaanza. Nilifumba macho kama kawaida yangu. Nikafika pale mahali pangu, nikarudi mara moja, mara mbili, na nyuma yangu vifagio vikanyamaza. Besi nayo ikakatika.

"Manze, umeenda wapi?" Otieno akauliza.

"Sijaenda popote. Si ndivyo ilivyo?"

"Hiyo haiko kwenye wimbo."

"Iko! Mara tatu!"

Akatoa santuri yake, ileile kama yangu, ila mpya. Sindano ikashuka. Saksofoni ikapanda, ikafika kileleni, ikapita moja kwa moja bila kuaga mtu. Akaweka yangu: ikapanda, tk, ikarudi, tk, ikarudi, tk, ikarudi. Otieno akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkwaruzo mmoja, mrefu kama ukucha.

"Dada, umejifunza mkwaruzo!" Alicheka mpaka akakaa chini.

Nami nilicheka naye. Mahali nilipolia mwaka mzima, hakuna mtu aliyewahi kupapiga. Na yule wa Jumatatu bila shaka anaujua wimbo wa kweli. Nikaanza kurudisha saksofoni sandukuni.

"Wee, usifunge," Wanjiku akasema. "Nimehesabu. Unarudi kabla pigo la nne halijaisha, ndiyo maana nikateleza. Rudia. Lakini nitazame. Ukitaka kurudi, niambie kwa macho."

Safari hii nilipofika pale nilifumbua macho. Wanjiku alikuwa ananingoja, kifagio juu. Tukarudi pamoja. Mara ya pili Otieno alichelewa kidogo, mara ya tatu alikuwepo, tukavuka wote watatu.

"Niachie hiyo santuri yako mbovu," Otieno akasema mwishoni. "Nataka kuifanyia mazoezi."

"Na yule wa Jumatatu?"

"Nitampigia simu asije. Kula chapo."

Saa kumi nilikuwa kwenye treni ya kurudi, jua limelala kwenye viti vitupu.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini nakishika. Peke yangu nilikuwa nafumba macho nikifika pale, nikabaki na huzuni yangu tamu. Ukipiga na wenzako huwezi. Ukitaka kurudi nyuma, lazima uwatazame, ili warudi nawe. Siku hizi nafanya mazoezi mbele ya kioo, macho wazi. Machozi bado yanakuja, na mimi naendelea kutazama.