Jiwe Lililosahau Kaskazini

Nianze na ile ya aibu tumalizane nayo: kazi ya Daktari Mwende niliiharibu na redio.

Alikuja kwetu Tseikuru kutafuta mawe meusi. Akasema ndani kuna vipande vya chuma vidogo kuliko vumbi, kila kimoja sumaku, na vinakumbuka kaskazini ilikuwa wapi jiwe likipoa kutoka moto wa volkano. Mimi shule niliachia Form Two, kwa hivyo niliitikia sana. Wiki nzima nilimwonyesha njia, tukiongea. Akaenda. Nyumba ikanyamaza tena. Halafu akapiga simu: jiwe moja limebaki kwangu, nimpelekee Mukuyuni kabla mashine ya kupima mawe iondoke Ijumaa, na nisiliweke karibu na sumaku.

Asubuhi nikatoka na pikipiki. Jiwe nililifunga na blanketi, likakaa kwa begi mgongoni, mbali na injini. Nikajisifu. Kando yake nikatia redio, maana hiyo barabara ni ndefu na hakuna mtu.

Migwani nikasimama kula. Redio nikaiweka mezani, inaongea.

“Na huyu mwenzako anakula nini?” mama wa hoteli akauliza.

“Huyu ameshiba maneno.”

Akacheka, akaenda kwa wateja wengine.

Mukuyuni nikafika jioni. Kesho yake Daktari akakata jiwe, akalilaza chini ya almasi ndogo kama ukucha, ndani ya chumba cha giza. Taa ya kijani ikipiga almasi, almasi inawaka nyekundu; penye sumaku, nyekundu inafifia kidogo, na kompyuta inachora ramani. Ramani ikatoka safi: sumaku zote zimeangalia upande mmoja, kama kanisa mchungaji akiingia. Nikapiga makofi. Daktari hakupiga. Akauliza polepole begi lilikuwa na nini kingine. Nikatoa redio.

“Kilonzo, spika ina sumaku,” akasema. “Jiwe la zamani halijipangi safi hivi. Hizi zimesahau kaskazini. Zinajua redio yako tu.”

Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma. Nikamwambia naenda kuleta lingine kabla ya Ijumaa.

Kurudi, redio nilimwachia. Njia yote nilikuwa na upepo na mimi mwenyewe, na mimi mwenyewe sina hadithi mpya. Hapo nikajua sikuwa nasikiliza habari miaka hiyo yote. Nilikuwa naogopa kimya.

Tseikuru nikamweleza Musyoka, rafiki tunayeuza naye mbuzi, yote, hadi hiyo ya kimya. Alinicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akapangusa vumbi kwa kiti cha nyuma cha pikipiki.

“Kesho tunatoka saa ngapi?”