Mama Mkwe Ameshatoa Shukrani Kanisani kwa Tuzo Ambayo Sijaipigia Kura

Admin, naomba unifichie jina, na la timu usilitaje, maana hapa Arusha watu wa kikapu tunajuana wote. Majina nitakayotumia si yao. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nina mume na binti mmoja, tunaishi Sombetini. Ni kocha msaidizi wa timu ya wanaume ya kikapu. Najua kuna watakaouliza mwanamke anawafundishaje wanaume. Hilo nimelijibu miaka yote, leo sina nguvu nalo. Nimechoka, ndugu zangu, na uchovu wenyewe si wa mazoezi.

Kila msimu ukiisha timu yetu inatoa tuzo kwa mchezaji aliyepiga hatua zaidi. Wapiga kura ni watatu: kocha mkuu, nahodha na mimi. Hakuna kura ya siri. Tunakaa, wachezaji wote wanasikiliza, na kila mmoja wetu anataja jina na sababu yake. Anayeshinda ndiye anayefikiriwa kwanza mikataba inapoandikwa upya, kwa hiyo si kikombe cha kupamba kabati tu. Mwaka huu wamebaki wawili. Mmoja ni Elisante, mdogo wake mume wangu, ambaye anaishi kwangu. Mwingine ni Lomayani, kijana ambaye hata ukoo wake siujui vizuri. Kocha mkuu ameshasema chaguo lake ni Elisante, nahodha amesema Lomayani. Nimebaki mimi, na kikao ni Jumamosi hii.

Elisante alivunjika mguu msimu uliopita, akakaa benchi karibu msimu wote. Mwaka huu amerudi, anafunga, mashabiki wanaimba jina lake. Ukilinganisha mwaka jana na mwaka huu utasema amepaa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namkanda ule mguu sebuleni kwangu walipomtoa plasta. Najua alivyokuwa kabla hajaumia, na amerudi palepale. Kupona ni jambo la kumshukuru Mungu, ila kwangu si kupiga hatua.

Lomayani alikuja kwetu na urefu tu, basi. Mpira ukifika mkono wake wa kushoto ulikuwa umepotea. Wenzake walimtania kwamba amesajiliwa kubadilisha taa za uwanja. Hakununa. Mazoezi yakiisha alikuwa anabaki peke yake na ule mkono mbovu mpaka mlinzi amwombe aondoke afunge geti. Sasa anafunga kwa mikono yote miwili, na hakuna mtu anayependa kukabwa naye. Bado hajamfikia Elisante kwa ubora, hilo nalikubali. Lakini tuzo haiulizi nani bora, inauliza nani ametoka mbali.

Sasa sikieni balaa lenyewe. Mama mkwe wangu yuko Kikwe, ni mtu wa kanisa hasa. Elisante alimpigia simu akamwambia yumo kwenye tuzo, na shemeji yake ndiye atakayeamua. Mama akaona mambo yameisha. Jumapili iliyopita akaenda kanisani na mkungu wa ndizi na jogoo, akasimama mbele na ukoo wake, akatoa shukrani kwa tuzo ya mwanawe. Kwaya ikaimba. Baada ya ibada vile vitu vikapigwa mnada pale nje kama kawaida, na mwinjilisti akamnunua jogoo akisema atamla kwa heshima ya bingwa. Mimi nilikuwa kwenye mechi. Nililetewa video kwenye simu, na hapo ndipo nilipojua.

Nikampigia. Shikamoo mama, marahaba, nikajaribu kumweleza taratibu kwamba kura bado haijapigwa.

"Mama Glory, kitu kikishatolewa madhabahuni hakirudishwi," akasema. "Unataka nionekane nimemdanganya Mungu?"

Nikajibu hapana, mama.

Mume wangu naye ana hoja, siwezi kumnyima. Aliniambia mtu aliyekuwa anashuka ngazi kwa makalio na leo anaruka, kama huyo hajapiga hatua basi hatua ni nini. Nikamuuliza kama angesema hivyo kwa mtoto wa jirani. Akawasha televisheni. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya mboga na shule ya mtoto, zaidi ya hapo hakuna.

Juzi asubuhi Elisante alinifuata jikoni nikipika chapati. Nikajua naye amekuja kuomba kura.

"Shemeji, mpe Lomayani," akasema. "Mimi najijua. Nimerudi tu nilipokuwa."

Jamani, nilitaka kulia kwa furaha. Nikamwambia basi ampigie mama, amwambie hivyo hivyo kwa mdomo wake, yaishe. Akainamisha kichwa.

"Hapana, shemeji. Mama akijua ni mimi nimeikataa baraka yake ataumia sana. Wewe hata akikukasirikia, atazoea."

Akachukua chapati mbili, akaenda mazoezini.

Ndugu zangu, anayestahili namjua, na hata aliyeombewa kanisani anamjua. Nikimtaja Lomayani, mimi ndiye mkwe aliyemwaibisha mama mbele ya usharika mzima, na mwanawe atakaa kimya pembeni yangu. Nikimtaja Elisante, Lomayani atapiga makofi na wengine, maana ndivyo alivyo, na Jumatatu nitamfundisha nikimtazama usoni. Nyie wenye wakwe, na nyie mliowahi kubebeshwa mzigo wa nyumba nzima kwa sababu mmezoeleka, nipeni mawazo. Jumamosi nitaje jina gani, na nikishalitaja, Krismasi niende Kikwe na uso upi?