Mwanafunzi Aliyeachiwa Ubao wa Hesabu

Saa tatu kasorobo asubuhi, Muindi amesimamishwa juani kando ya mlingoti wa bendera na kuambiwa asitikisike. Hajakosa lolote. Leo yeye ni kipimo.

"Simama wima, na usijifanye mrefu," Mwongeli anamwambia, huku akivuta utepe wa kupimia alioazima kwa fundi seremala. Wanafunzi wa Gredi ya Tisa wamewazunguka, madaftari mkononi.

Kivuli cha Muindi kina mita mbili. Cha mlingoti kina mita nane. Muindi mwenyewe, bila kuhesabu nywele, ana mita moja na nusu.

"Jua ni lile moja," Mwongeli anaeleza. "Vile linapiga Muindi ndivyo linapiga mlingoti. Kwa hivyo pembetatu anayounda na kivuli chake inafanana na hii kubwa ya mlingoti, zimepitana ukubwa tu. Kivuli hiki ni mara ngapi ya kile?"

"Nne!"

"Basi mlingoti ni Muindi wanne, mmoja juu ya mwingine. Mita ngapi?"

"Sita!" wanajibu, na kicheko kinapasuka, kwani Muindi mmoja tayari anawatosha.

Mgeni angedhani msichana huyu ni mwalimu mwanagenzi. Kumbe ana miaka kumi na tano, sweta yake ya shule imetoboka kiwiko, na mwishoni mwa mwaka atafanya mtihani uleule wa kitaifa pamoja na hao anaowafundisha.

Shule yao ya sekondari msingi iko nje kidogo ya soko la Mukuyuni, Kaunti ya Makueni. Mwalimu wa hesabu alikuwa wa kandarasi. Januari alipata kazi ya kudumu upande wa Kitui, akaaga, akaenda, na hakuna aliyemlaumu. Nafasi yake haijajazwa hadi leo. Walimu wanne waliobaki wanagawana masomo yote, na hesabu ikabaki yatima mbele ya wanafunzi hamsini na watatu.

Mwongeli hakuteuliwa na mtu. Alianza kwa kumweleza jirani yake wa dawati. Wa nyuma akainama asikie, wa pembeni akasogea.

"Nilichoka kugeuza shingo," anasema. "Nikaona heri niende mbele nieleze wote mara moja." Mwalimu mkuu alipopita dirishani na kumkuta na chaki, alimwacha aendelee.

Nyumbani, mama yake, Katunge, anauza ndengu na mbaazi sokoni. Siku nzuri humwachia shilingi mia nne. "Mimi niliachia darasa la sita," anasema mama huyo. "Akianza hizo hesabu zake naitikia tu, ĩĩ, ĩĩ. Ananiambia, mama, ukiitikia haraka hivyo najua haujasikia kitu."

Si kila somo limepita salama. Muhula uliopita, darasa lilipofika kwenye uwezekano, Mwongeli alirusha sarafu ya shilingi kumi. Simba aliyechorwa upande mmoja akatokea juu mara tatu mfululizo. Akauliza: je, mara ya nne?

Karibu darasa zima likasema simba lazima alale chini. Ukambani, kosa hilo halitoki kitabuni. Watoto hawa wamekua wakisikia kwamba mvua ikikosa misimu mitatu, wa nne haukosi. Watu hupanda kwa imani hiyo, na wengine hukopa mbegu kwayo.

"Sarafu haikumbuki," Mwongeli akawaambia. "Ni nusu kwa nusu, kama mara ya kwanza."

Muindi akainua mkono. "Kwa hivyo unataka kusema mama yangu asipande?"

Mwongeli alicheka, na hapo ndipo alipokosea. Muindi alifika nyumbani na habari nusu, na kufikia chakula cha jioni habari hiyo ilikuwa imeota pembe: binti ya Katunge anafundisha kwamba kuombea mvua ni bure.

Asubuhi iliyofuata Mzee Mbaluka, baba yake Muindi na mzee wa kanisa, alikuwa langoni na kofia mkononi. "Ni nani anaambia watoto ati Mungu anarusha sarafu?" aliuliza. Mwongeli akaitwa ofisini.

"Niliingia na chaki bado mkononi," anakumbuka. "Nikamwambia, Mzee, mimi nimesema sarafu ndiyo haikumbuki. Mungu sikumtaja. Yeye anakumbuka."

Mzee Mbaluka alimtazama, kisha akacheka mpaka akakaa. "Basi mimi nitapanda na nitaomba, na wewe uendelee kurusha sarafu yako," akamwambia. Halafu akamgeukia mwalimu mkuu. "Lakini mwalimu wa hawa watoto ako wapi?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake linaudhi. Tangu Mwongeli ashike chaki, alama za hesabu zimepanda.

"Nikiomba mwalimu naambiwa kuna shule zilizo na shida kuliko sisi," anasema mwalimu mkuu, macho yake yakiwa mezani. "Nitajitetea vipi? Hesabu yetu inaonekana sawa."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kadiri msichana huyu anavyofanya vizuri, ndivyo watu wazima wanavyozidi kutulia.

Naye mganga hajigangi. Katika kitabu chake kuna ukurasa uliochakaa kwa kufunguliwa: kukuza umbo kwa kipimo hasi. Mchoro unaruka upande wa pili wa nukta ya katikati na kupinduka, miguu juu. Mwongeli anaweza kuuchora kwa kuiga mfano. Kwa nini unapinduka, hajui. Alimuuliza mwalimu wa sayansi, ambaye alimwambia ukweli kwamba yeye alisomea kilimo.

"Wao wakikwama wananiuliza," anasema. "Sasa mimi nikikwama nauliza nani?"

Mada hiyo ameiruka. Darasa halijagundua, na jambo hilo linamnyima raha. "Ni kama nimewaibia," anasema. Anataka kuchukua mkondo wa sayansi katika sekondari ya juu, na bila alama nzuri za hesabu hatapata nafasi anayoitaka.

Mzee Mbaluka ameahidi kwamba kikao kijacho cha wazazi hakitafunguliwa kwa maombi wala chai kabla ya suala la mwalimu. Mwongeli anashukuru, lakini hajaacha kuandaa somo la kesho.

Kila mgeni humtabiria ualimu. Yeye hutikisa kichwa.

"Labda siku moja. Saa hii sitaki," anasema, akipangusa chaki kwenye sketi. "Nataka kwenda shule iko na mwalimu wa hesabu. Nikae dawati la nyuma kabisa. Niinue mkono niseme, 'Mwalimu, sijaelewa,' halafu nisikie mtu mwingine akieleza."