Picha za Wikendi Kutoka Lamu

Hadi leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Kaka yangu alihamishiwa kazi Lamu, akaenda na mkewe na watoto. Kila mwezi alimtumia Mama picha za wikendi: Jumamosi wako ufuoni, Jumapili wamepanda punda. Mama alizionyesha mtaa wetu mzima wa Donholm.

Mimi, niliyetoka chuo kikuu nikishuku kila kitu, sikuamini. Studio za mitaa yetu zilikuwa na mapazia yaliyochorwa minazi na bahari, na majirani wengi walikuwa na picha za "Mombasa" bila kufika hata Athi River hapo jirani. Isitoshe, kaka alivaa tai katika kila picha. Nani huvaa tai baharini?

Jumapili moja nilipita kwa Mama. Yeye alikuwa jikoni anapika chai, na sebuleni kina mama wa kanisa walikuwa wakipitishiana picha kabla ya kumwombea kaka sala ya shukrani.

"Msijisumbue, hili ni pazia," nikawaambia. "Oneni mawimbi yalivyokunjana! Kaka amefutwa kazi, amejificha hapahapa Nairobi."

"Ala! Na punda?" akauliza Mama Wambua.

"Wa mbao."

"Wewe! Anatoa ulimi!"

"Fundi hodari," nikasema kwa sauti.

Mlango wa chumba cha kulala ukafunguka. Wageni wa Lamu walikuwa wamefika alfajiri kwa basi, wamelala humo bila mimi kujua. Mke wa kaka alisimama na watoto, pua zao zimebambuka kwa jua.

"Endelea, shemeji," akasema. "Hata hawa wanataka kujua wikendi zote walikuwa wapi."