Mwindaji Aliyengojwa Mtoni

Kila siku baada ya alasiri, mchongaji mmoja wa Temeke aliongoza safari za kubuni barazani kwake. Kila jirani alijichagulia mtu wa kuwa, naye mchongaji kwa sauti ya chini iliyowafanya wote wainame aliwaletea mito na mazimwi, kisha akarusha kauri kuamua nani apone. Hakuna aliyekufa kabla ya kuulizwa anamwachia nani silaha yake. Siku hizi nani atakuuliza hilo?

Alfonsi, aliyekuwa mwindaji katika safari hizo, alikamatwa katika msako wa wasio na kazi, akapakiwa lorini kupelekwa kijiji cha ujamaa. Miezi ikapita bila habari, na msafara ukakwama mtoni ukimngoja.

"Muue, mzee," alisema Masoud, mmoja wa wasafiri wa barazani. "Tutaota mizizi hapa!"

Filomena, mke wa Alfonsi, alikuwa akipepeta mchele mlangoni. "Mrushie, shemeji. Na mie nijue kama nina mume."

Mchongaji akarusha. Kauri zote zikalala kifudifudi. Alizitazama weee, akasema mwindaji amechukuliwa na maji.

Filomena akaangusha ungo, akapiga yowe. Majirani wasiokuwapo barazani wakaja mbio na mikeka, wakatandika, wakaanza kumpa mchongaji mkono wa pole kama mwenye msiba. Akawa anaupokea, mmoja baada ya mwingine, asithubutu kusema kwamba ulikuwa mchezo.