Nyuzi za Mama Fundi

"Mchukue leo hii, Mwalimu. Na usinibembeleze, maana nikibembelezwa nakuwa mkali zaidi," Mama Fundi alisema, akalibwaga mezani donge la uzi kubwa kuliko ngumi mbili.

Mwalimu ndiye aliyemleta yule binti pale nyumbani miezi miwili nyuma, kwa ule mpango wa shule wa kubadilishana wanafunzi: wa huku wanakwenda kukaa mwaka mzima na familia za ng'ambo, wa ng'ambo wanakuja kukaa na familia za huku. Malalamiko alikuwa ameyazoea. Kila wiki alipigiwa simu kwamba mtoto hali, au mtoto analala kama gogo, au anaoga mpaka maji yanaisha. Lakini kuwekewa donge la uzi mbele ya kikombe chake cha chai, hilo lilikuwa jipya. Akaligeuza huku na huku, akasema kwa upole kwamba yeye aliona limeviringwa vizuri tu.

"Ndio ubaya wenyewe huo," Mama Fundi akajibu.

Maana Mama Fundi alikuwa ameshona nguo za mtaa ule miaka ishirini na sita bila daftari. Futi ya kupimia alikuwa nayo, imelala kwenye droo na vifungo vilivyokosa wenzao. Yeye alipima kwa uzi mnene wa pamba. Kila mteja na uzi wake: fundo la bega, fundo la kifua, la kiuno, la nyonga, la urefu wa gauni, na mwishoni kimefungwa kipande cha kitambaa cha nguo ya kwanza aliyomshonea, ili ajue huu ni wa nani. Zote zilining'inia kwenye msumari mmoja nyuma ya cherehani. Mtu akinenepa, Mama Fundi alifungua fundo akalisogeza kidogo, na siri ile ikabaki kati ya wawili hao na msumari. Ndiyo sababu wanawake walimpenda. Daftari lina mdomo, mtoto yeyote aliyevuka darasa la pili atalisoma kwa sauti. Uzi hausemi.

Nyuzi zilikuwa ishirini na tatu. Sasa lilikuwepo donge moja, na pembeni yake bakuli lenye vipande ishirini na tatu vya vitambaa, vimepangwa kuanzia vyeupe mpaka vyeusi. Binti alikuwa amekaa nazo mchana mzima, akafungua fundo baada ya fundo kwa kucha na meno, hakukata hata moja.

Na uzi wa ishirini na tatu haukuwa wa mteja. Ulikuwa wa binti yake Mama Fundi mwenyewe, fundo moja la kimo kila mwaka shule zikifunguliwa, mafundo saba. Huyo binti ndiye aliyekwenda ng'ambo kwenye mpango uleule, na alikuwa anaishi kwa wazazi wa huyuhuyu aliyefungua. Walibadilishana nyumba, na inawezekana hata walipishana angani.

"Ishirini na wawili nitawapima upya," Mama Fundi akasema. "Wangu nitampimia wapi?"

Mwalimu akamwita yule binti mgeni, ambaye alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni muda wote, kitambaa cha kukaushia vyombo mkononi, sahani ileile anaifuta mara ya nne. Nyumbani pale walimpa jina Mbona, na alilipata kwa jasho lake. Mbona feni inafungwa kabla ya kulala? Mbona viatu vya Baba vina mlango wake? Mbona cherehani inafunikwa shuka kama mgonjwa? Alizungumza lugha ya kitabuni, kama anasoma taarifa ya habari, lakini maswali yake yalikuwa ya mtaani kabisa. Kwa hiyo Mwalimu akamuuliza kilichomshangaza kuliko yote: yeye anayeuliza kila kitu, mbona hili hakuuliza?

"Niliambiwa nisiulize," binti akasema.

Akaeleza bila kumshitaki mtu. Siku moja kabla ya hapo alimuuliza Mama mbona anaweka pini mdomoni, haogopi kuzimeza? Na Mama akamjibu, pini zikiwa palepale mdomoni, kwamba maswali yake yanamla muda, ukiona kazi fanya. Basi yeye akaona kazi. Kwao mama yake anafunga mizigo ghalani, na uzi unaokuja na kifurushi hautupwi wala haukatwi. Unafunguliwa, unaviringwa, unawekwa. Mtoto anayekata uzi kwa mkasi anasemwa na bibi mpaka chakula kinapoa. Alipoziona nyuzi zile zina mafundo namna ile, alifikiri zimesahaulika tu.

Mume wa Mama Fundi, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alikuwa nyuma ya gazeti lake. Akasema bila kulishusha, "Mama watoto, hapo umejikwaa kwenye kigoda chako mwenyewe."

"Wewe soma gazeti."

Lakini neno lilikuwa limeingia. Mama Fundi aliikumbuka siku ile, na pini, na alivyojiona mjanja. Hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu, hata hivyo. Akasema basi, atakaa mpaka mwisho wa mwezi. Nyuzi zikirudi zote, wataongea. Zisiporudi, Mwalimu aje na gari. Mwalimu akasema ipo familia nyingine inayomsubiri kwa hamu. Binti akaiweka sahani chini.

Kesho yake wakaanza kuzunguka, Mama Fundi mbele, Mbona nyuma na donge lake na mkasi. Kukata uzi kulimuuma, ikambidi kila mara ajiambie kwamba bibi yake hayupo. Mama Fundi alimfundisha kushika ncha kwa vidole viwili, kutovuta, na zaidi ya yote kutompima mtu aliyebana pumzi, maana gauni la pumzi iliyobanwa linapasuka mtu akicheka. Mwenye duka la unga alikataa katakata kupimwa upya. Kipimo chake cha miaka sita kilimtosha, alisema, na kilimtosha kweli, kwa sababu kila mwaka Mama Fundi alikisogeza bila kumwambia. Mwisho akakubali, akasimama wima kama nguzo, uso unabadilika rangi.

"Mbona hupumui?" Mbona akauliza.

Mwenye duka akacheka mpaka akashika meza, na hapohapo Mama Fundi akafunga fundo. Waliporudi barabarani alisema kwamba swali lile lilikuwa na faida, lakini asilizoee.

Njia ilikuwa ndefu, na mtu hawezi kutembea na mtoto wa watu siku kumi na moja mdomo umefungwa. Kidogokidogo Mama Fundi akaanza yeye. Kwenu nani anaamka wa kwanza? Binti yangu analala chumba gani? Dirisha lake linatazama wapi? Mama yako akikasirika anafanyaje? Mbona akasema mama yake akikasirika anaimba, na akiimba ubeti wa pili ni heri uwe umeshatoka nje. Mama Fundi akataka kujua zaidi juu ya huo ubeti wa pili. Akamuuliza nani atakuwa anamsuka mwanawe nywele, na kama taulo kule ni nzito. Akauliza mengi mpaka binti akaomba wapumzike.

"Mama, maswali yako yanakula muda wangu," akasema, kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari. Mama Fundi akamtazama kwa jicho la pembeni, lakini mwendo akaupunguza.

Nyuzi ishirini na mbili zikarudi msumarini. Wa ishirini na tatu hakuna aliyeutaja. Mwezi ulipokwisha Mwalimu akaja, na gari, kama alivyoambiwa. Mkononi alikuwa na bahasha iliyopitia shuleni kwa jina la Mbona. Kumbe binti, jioni ileile ya ugomvi, alimwandikia mama yake barua yenye mchoro wa mtu na mishale ya mahali pa kumpima binti wa Mama Fundi.

Mbona akaifungua, akamkabidhi Mama Fundi kilichokuwemo. Uzi. Si wa pamba, wa kufungia mizigo, na mafundo yake bapa, magumu, ya mtu anayejua sanduku linavyotupwa. Kifua, kiuno, nyonga, kimo. Mwishoni kipande cha kitambaa cha buluu ambacho Mama Fundi hakuwahi kukigusa maishani. Akakisogeza dirishani, akachunguza pindo. Akasema aliyeshona alikuwa na haraka zake, lakini rangi inamfaa mtoto.

Kisha akamwita Mbona asimame wima, akaushusha uzi ule kutoka utosini mwake mpaka sakafuni. Ulifika ukazidi kwa upana wa kidole. Akautazama ule uzi ukining'inia mbele ya mwili wa mtu hai kwa muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji. Mume wake alikuwa ameshusha gazeti.

"Mwalimu, ile familia waambie waendelee kusubiri," akasema, akautundika msumarini.

Mbona hakuondoka pale alipopimiwa. "Bado mafundo sita," akasema. "Ya miaka ya nyuma. Hayo mama yangu hawezi kuyapima."

Mama Fundi alikuwa ameshajaza pini mdomoni, kazi inamsubiri. Akazitoa moja moja, akazichoma zote kwenye mto wa sindano, ndipo akajibu.

"Hayo sita hudaiwi, mwanangu. Mimi ndiye niliyekwambia usiulize."