Kibodi Mbili na Vidole vya Tata

Nina hasira na watu wanaolinganisha kibodi. Nimesoma maandishi yao mengi, na nimewatazama kwenye simu wakizigonga mbele ya kamera kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, na wote wanajibu swali moja tu: ipi ina kasi? Hakuna anayeuliza ni kasi ya vidole gani. Mimi pia sikuuliza, na hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo.

Wakati huo nilikuwa Meru mjini, katika chumba cha michezo ya kompyuta kilicho juu ya duka la dawa za mifugo. Nilifika huko kwa njia yangu ya kawaida, yaani kwa kuchoka na mahali pengine. Shule niliacha kidato cha pili, Kanyakine. Nikachambua viazi Kibirichia mpaka udongo ukakataa kutoka kwenye kucha, nikasaidia fundi wa umeme, nikabadilisha vioo vya simu kando ya barabara. Popote nilipokaa nilifungua kitu nione ndani kuna nini. Katika chumba kile nilifungua kompyuta za wenyewe, na kwa kuwa nilizifunga tena zikawaka, mwenye chumba akaniajiri.

Alitaka kubadilisha kibodi zote. Wachezaji wake walitafuna muguka, ile miraa ya majani, huku wakicheza, na makombo ya majani yalikuwa yameingia chini ya vitufe hadi herufi nyingine zikagoma. Akaagiza mbili za bei ya juu, za aina tofauti, zote za swichi za sumaku na zote zisizo na waya, ili zipimwe kabla hajanunua nyingine. Akanikabidhi mimi.

"Wewe unajua kucheza na pia unajua kuchapa," akasema. "Kaa nazo wiki mbili, uniambie ipi inafaa kwa zote mbili, gemu na kuandika."

Siku hiyohiyo nilizifungua. Katika kibodi nyingi za kawaida, vipande viwili hugusana ndani ya kitufe na herufi ikatokea. Ndani ya hizi hakuna kinachogusana. Kuna sumaku ndogo kwenye shina la kitufe, na chini yake kifaa kinachohisi sumaku imeshuka kiasi gani. Kwa hiyo wewe ndiye unayeamua: herufi itokee kidole kikigusa tu, au kikifika katikati, au kikifika chini kabisa. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu kama mjinga.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, mwili wake alumini tupu, nzito kiasi kwamba ungeweza kuzuilia mlango usijifunge. Wachezaji waliiita ndume. Walichoipendea ni kwamba kitufe kilihesabiwa kimeachwa mara tu kidole kilipoinuka unywele mmoja, na kilihesabiwa kimebonyezwa tena kidole kiliposhuka unywele mmoja. Ukiwa unakwepa risasi kwenye skrini, hilo ndilo linalokuokoa. Ya pili ilikuwa ya plastiki, rangi ya maziwa. Sumaku zilikuwa karibu sawa, lakini walisema inachelewa kidogo kutuma, na mpangilio ule wa unywele ulikuja ukiwa umezimwa.

"Hiyo ni ya makarani," mmoja wao akaniambia, shavu limejaa. "Pelekea shosho yako."

Shosho yangu, mama wa mama, alikufa. Lakini nina tata, ndivyo tunavyomwita dada ya mama, na ni karani kweli.

Tata huchapa hati Embu, katika duka la fotokopi karibu na ofisi za serikali. Mikataba ya kuuza mashamba, viapo, barua za kuomba kazi. Alianza na taipureta, ile ya kugongwa kwa nguvu, kabla mimi sijazaliwa. Watu walitoka hata kule chini Mbeere kwenye ukame, wakawapita wachapaji watatu barazani, wakaketi kumngoja yeye, kwa sababu hakosei. Ila miaka hii viungo vya vidole vyake vimevimba na kukaza. Asubuhi huvichovya kwenye maji moto ndipo aweze kufunga vifungo vya sweta. Nilikuwa nimemwona mwenye duka akimtazama mikono badala ya uso, na nilijua kinachofuata baada ya macho kama hayo.

Nikazifunga kibodi zote mbili ndani ya sweta, nikateremka Embu. Nilijiona nimebeba dawa.

Chumbani kwake, mtaa wa Majimbo, tata aliigeuza ndume juu chini.

"Waya yake iko wapi?"

"Haina, tata."

"Na ikiibwa nitaivuta na nini?"

Nilijaribu zote mbili mbele yake kwa vidole vyangu. Nikachapa, nikafuta, nikachapa tena, na ndume ikashinda kila mara. Basi nikamwekea yeye vilevile nilivyozoea kujiwekea: herufi itokee kidole kikishuka sehemu moja ya kumi ya milimita, na ule mpangilio wa unywele ukiwa umewashwa. Akaigusa, akatoa mikono haraka, akacheka.

"Hii inanisikia kabla sijasema."

Jumatatu nikachomeka kipokezi chake kwenye kompyuta ya dukani. Siku tatu alichapa bila kusimama kunyoosha vidole, nami nikazunguka mji mzima nikiwa nimefura kichwa.

Alhamisi mzee mmoja wa Mbeere akaingia, kofia mkononi. Nilikuwa mlangoni. Hakumsalimia mtu. Akaweka mkataba mezani mbele ya tata, kidole juu ya namba ya shamba.

"Mama, mimi nilikuja kwako kwa sababu gani?"

Tata akavaa miwani. Mahali pa saba moja palikuwa na saba mbili. Mzee alikuwa amekwenda mbele ya bodi ya ardhi na mke wake, watoto wake wakubwa na mnunuzi, kwa sababu familia yote lazima iseme imekubali. Karani wa bodi aliposoma namba, shamba likawa la mtu mwingine. Wakaambiwa warudi kikao kijacho.

"Mnunuzi ameniita mwizi," mzee akasema. "Watoto wangu wakisikia. Nimeuza ng'ombe maishani, nimeuza ndengu, sijawahi kuitwa hivyo."

"Ni mkono wangu, mzee," tata akasema. "Nisamehe."

Mwenye duka alikuwa ameshafika. "Pole sana mzee wangu. Huyu mama amechoka, unajua umri. Mimi nilikuwa nimeona."

"Si umri," nikasema. "Ni kibodi. Mimi ndiye niliiweka vibaya."

"Na wewe ni nani? Umeleta toi ya watoto kwa ofisi yangu?" Akamgeukia tata bila hata kupunguza sauti. "Mama, wiki ijayo Ijumaa kuna mafaili ya wakili. Kosa moja tu, hicho kiti nampatia yule msichana anayechapa barazani. Sitaki maneno mengi."

Nilitaka kumvunjia ile alumini kichwani. Lakini aliyestahili kugongwa nayo kwanza nilikuwa mimi. Nilirudi Majimbo nikaketi na nakala za karatasi alizochapa siku zile tatu, nikaona kosa wazi kama doa. Kidole cha tata hakiinuki sawasawa, kinatetemeka kikipanda. Kwa mchezaji, mtetemo huo ni amri mpya. Kwa ndume, mshindi wangu, saba moja ya tata ilikuwa saba, kisha unywele juu, unywele chini, saba nyingine. Tena yeye alijifunza kwenye taipureta, ambako unapumzisha vidole juu ya vitufe kwa sababu hakuna herufi itakayotokea mpaka ugonge. Alikuwa anapumzisha vidole juu ya kitu kinachohesabu hata pumzi. "A" ya ziada hapa na pale, aliniambia, alikuwa akiiona na kuifuta. Saba ilimpita.

Mimi, ninayejisifu kwamba hufungua kila kitu nione ndani, sikuwa nimetazama mikono ya mtu aliyenilea likizo zote. Na wale wa kwenye kamera, wenye meza zao safi na vidole vya miaka ishirini, waliniambia mpangilio ule ni bora, wala hawakuongeza neno moja, bora kwa nani.

"Umemaliza kununa?" tata akauliza. "Leta ile ya makarani."

Tulikaa nayo jioni tatu mfululizo. Ndume tuliijaribu pia, kwa haki, baada ya kuizimia ule upuuzi wa unywele. Ilikubali kupangwa, lakini meza ya duka iko juu na mabega yanamuuma, alitaka kuweka kibodi mapajani, na uzito ule ungemkata miguu. Isitoshe ulikuwa mwezi wa saba. Asubuhi za Embu mwezi huo, alumini inalala baridi kama sufuria iliyosahaulika nje. Aliigusa, vidole vikakaza hapohapo. Nitafutie aliyewahi kuandika hilo katika kulinganisha kwake.

Ile ya maziwa haikuwa baridi. Ilikaa mapajani juu ya leso, bila waya wa kumvuta kila anapogeuka kwenye printa. Nikauliza kidole kimoja kimoja kinataka nini.

"Hiki kidogo hakina nguvu, kiwekee karibu," akasema. "Hiki cha kati ni mlevi, kinaanguka popote. Kiwekee mbali kabisa, kifike chini ndipo kisikike."

"Na gumba?"

"Gumba ni mzima. Gumba mwache, ndiye mkristo peke yake hapa."

Kila kitufe kikapata kina chake. Nambari zote tuliziweka chini, saba ikazidi zote. Nilipiga simu Meru nikamwambia mwenye chumba anunue ndume kwa wachezaji wake, na hii nyingine aniachie, nitamsafishia mashine zake zote makombo ya muguka. Akacheka, akakubali.

Ijumaa ikafika. Tata akatandika leso mapajani, akaanza. Mwenye duka alivuta kiti nyuma yake akashika rula, kila karatasi iliyotoka anaipitisha rula mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Msichana wa barazani alisimama dirishani, naye maskini hakujua atazame wapi. Tata alichapa kwa mwendo wa mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilitamani kumsukuma. Karatasi ya mwisho ilitoka kama saa tisa.

Mwenye duka akairudia mara mbili. Hakupata kitu.

"Sawa," akasema. "Lakini mama, uko pole sana siku hizi."

"Uliniambia kosa. Hukuniambia mbio."

"Basi kaa. Nitakuvumilia."

Atamvumilia! Mtu aliyejaza duka lake kwa wateja wanaomtafuta yeye! Nilifungua mdomo, na nakumbuka vizuri sentensi niliyokuwa nimeiandaa, ilikuwa chafu na ndefu.

"Nyamaza," tata akasema bila kugeuka. "Wewe umeshanichapia kosa moja mwezi huu."

Alikuwa tayari anachapa kitu kingine, ambacho hakuna aliyemwagiza. Alipomaliza aliisoma namba ya shamba la yule mzee kwa sauti, akaipiga mstari kwa kidole, akanipa bahasha.

"Peleka. Mkononi mwake, si kwa jirani."

Nilifika Mbeere siku iliyofuata, jua likiwa kali. Mzee alinitambua kutoka mbali, akaingia ndani. Aliyetoka ni mke wake, na cheti cha shamba kilichofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Akaniambia nisome mkataba, naye ashike cheti. Nikasoma namba. Akaniambia nisome tena, polepole, nambari moja moja, na kwa kila moja akaweka ukucha juu ya cheti chake, akatazama, ndipo akaniruhusu kuendelea. Hakuna aliyenipa kiti. Tulipofika mwisho akasema zimelingana, kisha akarudisha ukucha mwanzo.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena.